Kaka, kiwanja cha Dodoma sikutafutii

Shikamoo kaka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. "Nitafutie kiwanja Iyumbu au Nala, kabla havijaisha." Kaka yangu huyu huyu!

Arobaini ya Mzee, mkaa ulikuwa umelowa. Ukaingia ndani, ukabandua ramani yake ukutani, ile aliyozungushia wino mwekundu miji tisa iliyoteuliwa kukuzwa katika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa serikali, wa 1969, ukaja nayo kupepea jiko. "Mzee kashika cheni ya wapima ardhi miaka yote, mji wenyewe, Dodoma, wa kwenye karatasi." Wajomba wakacheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Miji ile tuliikariri mkekani kabla ya kula: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya, Mtwara. Wewe Mtwara uliiruka kila siku. Ukauliza mbona Dar haimo. Mzee akajibu, aliyeshiba hapakuliwi kwanza.

Haya, kucheka ulikuwa na sababu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ni wa 1973; serikali imeanza kuhama kweli 2016, Mzee ana miaka mitano kaburini. Dar haikungoja mtu. Sensa ya 2022 imewakuta watu 5,383,728, na wewe ndani yake, unanipigia ukiwa kwenye foleni.

Nikushauri basi. Usimtumie dalali hela kwa simu. Bikoni, yale mawe ya mipaka, zione kwa macho; umiliki kauhakiki ofisi za jiji. Na usinunue ukafungia ukingoja bei ipande. Viwanja vya hivyo vipo tele huku, majani yanafika kifuani, na bomba la maji lazima livipite vyote ndipo limfikie anayeishi kule mbele. Mimi nilihamia nyumba ikiwa na magunia madirishani. Mlisema nimemkimbia Mama. Alipolazwa nilikuja mara tatu, kaka, kwa basi, wakati huo treni ya umeme haijawa hata ndoto. Nani alihesabu?

Halafu mkihamia Dodoma nyote, Tabora na Mtwara wataletewa nini? Mzee alizungushia tisa.

Ramani ninayo. Cheche ilitoboa karibu na Tabora. Ukija panda treni, hoteli usilale, chumba kipo. Kiwanja tafuta mwenyewe.