Sanamu za mitumba zipatiwe ukumbi Kigoma

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu maonyesho ya sanamu za vitambaa vya mitumba yaliyofanyika hapa Kigoma, mji aliozaliwa msanii mwenyewe. Iliyonivutia zaidi ni sanamu ya samaki aina ya mgebuka, mrefu kuliko mtu mzima, mwenye magamba ya vipande vya jinzi vilivyoshonwa kwa uzi mwekundu, mifuko ikiwa imeachwa wazi (watoto walitia mikono humo, na hakuna aliyewafukuza). Wapo waliodai kuwa huo ni mchezo tu, ilhali msanii Claes Oldenburg alitengeneza baga kubwa ya turubai lililoshonwa huko Marekani mwaka 1962, na leo inahifadhiwa katika jumba la sanaa. Halmashauri itenge ukumbi, kwa sababu hema la kukodi lilivuja, na kitambaa kikilowa huota ukungu.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma