Mwanangu, kabla hujapanda basi la Nairobi

Assalaam alaykum mwanangu.

Barua hii anakuja nayo ami yako, na nimemuusia akupe mkononi, asimwachie mtu dukani. Sikutaka maneno haya kwenye simu. Kwenye simu unaniitikia naam baba, naam baba, na nyuma yako nasikia watu wanagombania mizani.

Nimeletewa habari mbili kwa siku moja. Ya kwanza, kwamba umeitwa Nairobi utoe maoni mbele ya kamati ya Bunge juu ya bima ya afya na wavuvi wadogo. Ya pili, kwamba kompresa ya mashine ya barafu imekufa, na pesa za kununua nyingine umezitia SHA, hiyo bima ya afya ya serikali, umewalipia mabaharia, wapakuzi na wale mama karanga watatu wanaokaanga samaki, mwaka mzima. Nyumba kumi na nne. Nimepiga hesabu: anayepimwa kipato chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hudaiwa mwaka kwa mara moja, basi ni 3,600. Mara kumi na nne ni 50,400, na najua si wote waliopimwa chini.

Mwanangu, msimu wa kaskazi unaingia. Mashua zikija na nguru na kolekole nawe huna barafu, unadhani watakungoja? Samaki hangoji. Watampelekea tajiri mwingine, naye atawakopesha nyavu za jarife, na aliyekopa jarife hana tena uhuru wa kuuza atakako. Utawapoteza hao hao uliowalipia. Tengeneza mashine kwanza.

Sisemi umefanya ubaya. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa Matondoni alinishika mkono akasema mjukuu wake, yule aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, alilazwa siku tano na kutoka bila mtu kukimbia kuuza kitu, kwa sababu ya tajiri wake wa Malindi. Hakujua kuwa tajiri huyo ni mwanangu mpaka alipomaliza. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani peke yangu mpaka magharibi. Hili nakwambia ulijue.

Lakini wewe si serikali. Wafanyakazi wako wa mshahara wa pale duka la samaki unawakata asilimia 2.75 na kuipeleka kila mwezi kabla ya tarehe 9, hiyo ni sheria, umeitimiza. Hawa wengine hawana mshahara kwako. Ukiwabeba mwaka huu, mwakani watakutazama tena wewe, na mashine itakuwa imelala, na wewe utakuwa unamtazama nani?

Hotuba yako nimeisikia. Dadako alinisomea kutoka kwenye simu yake, mara mbili. Mwanzo ni mzuri. Kile kifungu cha 43 cha Katiba, cha haki ya afya, usikisome chote, wao wanakijua, kitaje namba upite. Hapo unapoeleza kwamba mvuvi hana mwaka, ana msimu, hapo ndipo ukae. Waeleze upepo wa kusi ni nini, maana wengi wao bahari wameiona wakiwa hotelini. Waambie tangu mwezi wa tano mpaka wa nane mashua ndogo haivuki mwamba, na mtu anakula deni. Ukimwendea mtu huyo mwezi wa saba ukamwambia toa pesa ya mwaka, hakukatalii, hana. Mwendee mwezi wa kwanza dikoni wanakoshushia samaki, samaki wako kwenye mizani, umkate kidogo kidogo kama BMU, kile chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, inavyokata yake, atatoa na hatahisi. Hili la mizani hukulisema, na ndilo la maana kuliko yote. Litie.

Na waulize la mwaka 2018, walipoanza majaribio ya afya kwa wote. Walichagua kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Pwani yote hawakuona hata moja. Mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, akipatwa na jambo usiku hupanda mashua kabla ya kupanda gari, na anangojea maji yajae ndipo apite. Safari hiyo nani aliijaribu?

Sasa kuna mahali pamoja upaondoe. Pale unaposema mamako alikuwa na kadi, na baba alilipa kila mwezi, na siku ya kulazwa mtandao ukaikataa.

Mtandao haukuwa na kosa. Mwaka 2015 NHIF, ile bima ya afya ya kabla ya SHA, walipopandisha mchango wa mwezi kutoka 160 hadi 500 kwa sisi tusio na mshahara, nililipa miezi michache, kisha mashine ya mashua ikaanza kukohoa. Nikasema mwezi huu mashine, mwezi ujao kadi. Mwezi ujao nao ukawa na mwezi wake ujao. Karani alinigeuzia kile kioo chake nikasoma mwenyewe. Nilipotoka nilikukuta umekaa kwenye ngazi na dadako, ukaniuliza, nikasema mtandao. Lilikuwa neno fupi. Kisha ukalichukua, na kwenye hitima kila aliyekuja alilirudia, na mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo.

Mamako alijua. Hakusema kwa mtu.

Basi usiende kuapa Bungeni kwa neno ambalo si kweli, mtu akaja akalifukua, wakakwita mwongo kwa kosa ambalo si lako. Ukitaka, sema baba yangu alikuwa nahodha, kusi lilimkuta na mia tano moja na mambo mawili ya kulipia. Usinitaje jina. Au nitaje, shauri yako, wewe ndiye utakayesimama. Sitakasirika.

Nimeisoma barua hii tangu juu, nikaona mara ngapi nimeandika mashine. Najua. Lakini bado nasema mashine itengenezwe, maana bila barafu hakuna mizani, na bila mizani hata hiyo 300 ya kukata haipo. Ami yako ana bahasha yenye 25,000. Ni pesa za boriti za chumba cha juu. Boriti mbili zimeliwa na mchwa, nimezisimamishia mwega wa mkoko na zimekaa, tutalala ukumbini mpaka baada ya kaskazi. Pesa hizi ni za kompresa. Usizitie SHA, nakuomba kama babako. Nyingine zungumza na fundi wa friji akungojee, na ukishindwa niambie mapema, usinifiche mpaka nisikie kwa watu wa gatini.

Habari za nyumbani si mbaya. Birika la kuwekea maji limepasuka pembeni, tumeliziba kwa saruji, maji ya mvua za vuli hatukupata mengi. Mkwe wangu mwambie ile dawa ya mtoto aliyotuma imefika, na kikohozi kimepungua, lakini mtoto hataki uji wa mtama, anataka mahamri asubuhi na jioni. Dadako anashona nguo za watoto za Maulidi na ameshaanza kunidai pesa za vifungo.

Punda alijichoma mguu na msumari kule Langoni. Nilimpeleka kwenye zahanati ya punda, ile waliyofungua Waingereza mwaka 1987. Wakamwosha, wakamfunga, wakampiga sindano, wakaniambia nimrudishe baada ya siku tatu. Hawakuniuliza kadi wala senti. Nilisimama pale nimeshika kamba, nikawa namfikiria mamako pale dirishani kwa karani, na vile alivyonishika mkono wa kanzu akaniambia twende nyumbani. Hata hili sikuwa nimekwambia.

Nairobi kuna baridi, chukua ile sweta ya kijivu. Ukipita Mombasa, usishuke Mwembe Tayari usiku na mkoba mkononi. Akikupa mtu kofia au fulana ya chama, ya rangi yoyote, ipokee kwa adabu uitie mkobani, usiivae, maana picha itafika huku Amu kabla yako na ruhusa yako ya biashara ni ya kuhuishwa kila mwaka. Wenye kukupigia makofi sasa hawatakuja kukulipia stima. Na ukimaliza kusema, keti. Una tabia ya kuongeza, hata ulipokuwa chuoni ulikuwa ukimaliza sura unaanza nyingine bila kuambiwa. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo mwaka 1966 walipoianzisha hiyo NHIF, na nimeiona ikizikwa Oktoba 2024. Maneno mengi yamesemwa katikati hapo. Machache yaliyo sawa yatatosha.

Jambo la mwisho. Umeniuliza mara tatu kama nimejiandikisha SHA, nikakujibu kesho. Jana dadako alinikalisha, akabonyeza *147#, wakauliza paa la nyumba ni la nini, maji tunatoa wapi, tunapikia nini. Nilimjibu yote kwa ukweli. Kiasi tutakachopangiwa nitalipa kwa pesa zangu za makuti, mwaka mzima. Wewe usinilipie. Jina langu usilitie kwenye daftari lako la nyumba kumi na nne.

Ukirudi pitia huku hata siku moja, usinijibu haya kwa simu. Ami yako ana kikapu pia, mna ndimu za kukaushwa na mikate sita ya mofa. Mofa ule leo leo, zikilala hazina raha.

Babako,
Amu, Lamu