Baba yangu alitafuta waya wa simu nyuma ya televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mzee aliyeandika wiki mbili zilizopita kulilalamikia gemu la mjukuu wake. Kwanza shikamoo yake. Pili, barua yake nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na pini mdomoni, na nimeona kilichomkera si gemu lenyewe. Kilichomkera ni kwamba kwenye kioo wanapita watu chungu nzima, wanasalimiana, wanauziana vitu, wanaalikana safari, kisha mjukuu akamwambia hakuna hata mmoja kati yao aliye mtu. Wote wamo ndani ya mashine, na intaneti haina habari nao. Mzee akauliza: kama ni kucheza peke yako, si ucheze peke yako? Na kama unataka watu, si utoke nje? Akamalizia kwa kuyaita maradhi.

Mimi ninayo maradhi hayo tangu mwaka 2007, kwa hiyo naona nina haki ya kusema.

Nilikulia Kikwajuni, Unguja, na sasa nashona nguo Chake Chake. Mwaka huo shangazi yangu wa Maskati alituletea PlayStation 2 iliyokwisha tumika, kifuniko chake hakikai mpaka ukikaze kwa mpira wa kufungia noti. Ilikuja na mfuko wa diski, nyingi za mpira na za magari, na moja ambayo kaka yangu aliitupa pembeni kwa kuwa ina maandishi mengi. Ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa .hack, uliotengenezwa na CyberConnect2, kampuni ya Fukuoka huko Japani, na ukaanza kuuzwa na Bandai mwaka 2002. Kaka aliiweka jioni moja kwa sababu ile ya mpira ilikuwa imekwaruzika na imegoma.

Kilichotokea kwenye kioo hakikuwa vita wala gari. Ilikuwa sura ya kompyuta: pahala pa barua, pahala pa habari, na pahala pa kuingilia kwenye gemu. Barua mpya imefika. Inatoka kwa rafiki. Baba alikuwa amekaa nyuma yetu na redio yake. Akauliza, "Hiyo barua imetoka wapi?" Kaka akajibu kwa majivuno, "Mtandaoni, baba."

Baba akainuka. Simu yetu ya mezani ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli na ufunguo alitembea nao yeye, basi akaona hapa kuna njia tumeipata. Akapiga magoti nyuma ya televisheni, akaushika waya mweusi, akaufuata kwa kidole polepole mpaka kwenye soketi ya ukutani. Akarudi akaushika ule wenye vichwa vitatu, wa njano, mweupe na mwekundu, akaufuata mpaka kwenye matundu ya televisheni. Hakuridhika. Akatuzimia, na ile bili ya mwisho wa mwezi aliisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Bili ikaja kama ya mwezi uliopita, hata shilingi haikuzidi. Ndipo tukaruhusiwa.

Nalieleza hili kwa sababu mzee ana hofu kuwa watoto wanadanganywa. Nyumbani kwetu aliyedanganyika alikuwa mtu mzima, tena kwa mwezi mmoja tu. Sisi tulijua siku ile ile. Ukisimama dakika tano kwenye daraja la Mac Anu, mji wa kwanza wa gemu hilo, unawasikia wapita njia wakirudia maneno yao. Watoto hujipikilisha mchanga kwenye vifuu vya nazi, wakapakuliana na wakasema umezidi chumvi, na sijamuona aliyeutafuna.

Sasa nimweleze mzee lilivyo, maana nadhani mjukuu hakumueleza vizuri. Wewe unamcheza kijana, na kijana huyo naye anacheza gemu la mtandaoni liitwalo The World, na ndani yake mtu wake anaitwa Kite. Rafiki yake, ambaye humo anajiita Orca, anapatwa na jambo ndani ya gemu, na huko nyumbani kwake anazimia asiamke. Kite anatafuta sababu. Unaokutana nao njiani si majitu ya hadithi, ni watu waliokaa makwao wameshika pedi ya kuchezea kama wewe. Huwajui sura. Unawajua kwa barua wanazokuandikia, na unapaswa kujibu. BlackRose, mwanamke mwenye upanga mkubwa na maneno makali, kumbe ni msichana wa skuli ambaye mdogo wake naye amelala hospitali kwa ajili ya gemu hilo hilo. Mistral, mchangamfu, mwenye kupenda kukusanya vitu adimu, anayeandika kama mtoto, baadaye unajua kuwa ni mke wa mtu na ana mimba. Hiyo niliisoma usiku peke yangu nikacheka, kwa sababu nilikuwa namjua mwanamke kama huyo, anakaa nyumba ya tatu kutoka yetu, na hakuna aliyewahi kumuona akicheza kitu.

Hapo ndipo penye jambo langu. Mzee anasema watoke nje. Atoke nani?

Sisi Kikwajuni baraza ilikuwa chini ya dirisha letu. Baada ya magharibi kaka zangu walitoka, kahawa ikaja, dhumna zikaanza kugongwa. Mimi nilikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, nimekaa ndani na vyombo vya kuosha. Nilizijua sauti zote za pale nje. Nilimjua anayejigamba, nilimjua anayeshindwa akaanza kudai ameibiwa, nilimjua mwenye kikohozi. Miaka yote hiyo sikuwahi kukaa pale hata dakika moja, wala sikutaraji, wala simlaumu mtu; ndivyo mtaa ulivyokuwa. Lakini saa hiyo mashine ilikuwa haina mtu. Nikimaliza vyombo naikaza kwa mpira wake, napunguza sauti, naingia Mac Anu, mji wa mifereji, nasimama darajani namsimamisha mpita njia. Unaweza kumuuliza ana nini na anataka nini, mkabadilishana kitu kwa kitu. Hakuna aliyeniuliza mimi mtoto wa nani. Kama Mola alinijaalia baraza, ndiyo hiyo, na sikujali kuwa waliokaa ni vivuli.

Na nilijifunza Kiingereza. Kila safari unaifungua kwa kuunga maneno matatu, na kila uungaji ni pahala pengine. Niliyaandika kwenye daftari la hesabu, lugha ya ajabu kidogo, na mwalimu wangu alinitazama vibaya nilipoyatia kwenye insha.

Kisha umeme ukakatika. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kukumbushwa: Mei 21, 2008, waya wa chini ya bahari uliokuwa ukituletea umeme kutoka bara uliharibika kule Fumba, tukakaa kiasi cha mwezi mzima. Katika hadithi ya .hack mtandao wa dunia unaangushwa na kirusi Desemba 24, 2005, kwa dakika 77, na hadithi nzima imejengwa juu ya hofu ya dakika hizo. Dakika 77! Sisi mwezi mzima tunaoga maji ya kununua kwa ndoo na hakuna aliyetutungia gemu. Jirani alikuwa na jenereta. Nilimshonea mkewe pindo za mapazia manne kwa saa moja ya umeme, na nusu ya saa hiyo waliichukua kaka zangu kuchaji simu. Lakini pindo zilitoka sawa, mke wa jirani akawaonesha wenzake, na hivyo ndivyo nilivyoanza kazi hii. Umeme ulipokatika tena Desemba 2009, safari hiyo kwa miezi mitatu, nilikuwa nalipwa pesa.

Mtu ataniambia: sasa una simu na bando, hao watu wa kweli wapo, wacha vivuli. Nilijaribu. Mwaka 2021 mwanangu wa kwanza alinitilia gemu la simu, la kundi kwa kundi, unacheza na watu wa popote na unaongea nao. Nikasema, "Assalaam alaykum." Kimya kidogo, kisha mmoja akasema kuna mama humu, mwingine akaniambia nikatie ubwabwa maji. Nilivumilia michezo mitatu. Katika wa nne bando likaisha katikati ya vita, na niliporudi kesho yake nikakuta matusi yananisubiri, yameandikwa kwa Kiswahili fasaha kabisa. Sisemi wote wako hivyo. Nasema tu kuwa katika miaka yangu ya Mac Anu hakuna aliyenitusi kwa kukatikiwa na umeme.

Halafu hao wa kweli hufungwa duka. Kampuni ile ile ya .hack ilitoa baadaye gemu la mtandaoni la kweli, .hack//fragment, Japani tu, mwaka 2005. Seva zikazimwa mwaka 2007, mwaka ule ule diski yangu ilipofika Kikwajuni. Mac Anu ya uongo bado naingia nikitaka. Ya kweli ilimzimikia aliyekuwa ndani akiwa na mali zake.

Mei 12, 2024, Jumapili, waya za intaneti za baharini zilipokatika kusini huko, mtandao Tanzania nzima ukawa wa kubahatisha. Wanangu walizunguka nyumba kama kuku walioondolewa banda. Nikatoa laptopu ya zamani nikawafungulia CrossCode, gemu la vijana wa Ujerumani lililotoka mwaka 2018. Nalo ni hilo hilo: unacheza mtu anayecheza gemu la wengi, na la wengi lenyewe halipo. Shujaa ni msichana, Lea, ambaye hawezi kusema. Anatiwa maneno moja moja, la kwanza salamu, na kwa hayo machache inambidi apate marafiki kati ya watu wanaodhani ni mwenye haya tu. Kuna kijana anaitwa Apollo anamng'ang'ania kuwa anaiba mchezo, anataka wapigane kuthibitisha. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, hawa ni watu wa kweli?" Nikamwambia hapana. "Sasa mbona wanagombana?" Sikuwa na jibu, nilikuwa naunga kola.

Kwa maelezo ya mzee, la mjukuu wake nahisi ni Erenshor, lililoanza kuuzwa mwaka 2025 likiwa halijakamilika. Hilo limekwenda mbali zaidi: vivuli vinajiendea safari zao, vinapanda daraja, vinapata silaha, vinapiga soga, vikiona una nafasi vinaomba kuungana na wewe. Limetengenezwa na mtu anayeyakumbuka magemu ya mtandaoni ya wakati wa EverQuest, ya mwaka 1999. Nadhani aliwakosa watu aliocheza nao, akawatengeneza. Mzee huenda hilo likamchekesha, lakini hata yeye, nina hakika, anazo sauti za watu wa baraza yake waliokwisha kufa, na anajua mmoja wao angesema nini kuhusu barua hii.

Nampa mzee haki yake kwa jambo moja, nalo si dogo. Vivuli vinatii. Katika .hack nikimwambia mwenzangu anitibu, ananitibu. Nikimwacha wiki mbili, narudi namkuta hana kinyongo. Mtu wa kweli ukimwacha wiki mbili ana la kukuambia. Mwanangu wa kwanza nilimuona akizoea hivyo, akamtumia mdogo wake kama anavyomtumia mtu wa kwenye kioo: leta, simama, nifuate. Niliifunga laptopu mwezi mzima kwa ajili hiyo, na mdogo wake ndiye aliyelia. Basi mzee akitaka kumchunga mjukuu, achunge hapo, asihesabu nani yupo na nani hayupo.

Kadi ya kuhifadhia mchezo ile ya zamani ninayo mpaka leo, ndani ya kopo la vifungo, chini ya zipu. Kaka yangu aliyekuwa hataki maandishi sasa yuko Maskati, dereva, na mwezi uliopita alinipigia saa tano usiku kuniuliza sehemu ya nne ya .hack inaishaje, maana yeye hakuifikia. Nilimsimulia mpaka salio lake likaisha.

Mjukuu akikwama pahala, na aje nilipo, nyuma ya soko la Chake, aulize mshonaji wa mashine ya mguu. Asije baina ya isha na saa nne. Hapo nina zamu yangu.

Wako,
Mshonaji, Chake Chake, Pemba