Barua ya wazi kwa Ndugu Mkurugenzi: michoro ya ndege haianikwi kama mpunga

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MICHORO NA DAFTARI ZA NDEGE ZILIZOLOWA

Tulikwisha kuandika kwa utaratibu, tukajibiwa kwamba suala "linafanyiwa kazi". Wiki hii mvua imelifanyia kazi kabla yenu. Ghala la makusanyo limevuja, na michoro ya rangi za maji ya mtaalamu wa ndege imeanikwa juani barazani, ikawekewa mawe isipeperuke. Juhudi tumeziona.

Karatasi mbichi ikipigwa jua hujikunja, rangi hupauka, na ile rangi nzito ya manyoya hupasuka ikabanduka. Mchoro hulazwa kivulini, uso juu, bila kugandamizwa, juu ya karatasi nyeupe ya kufyonza maji inayobadilishwa kila ikilowa. Feni ielekezwe ukutani, isielekezwe kwenye mchoro. Daftari zilizogandana zisifunuliwe kwa nguvu: zitiwe kwenye mifuko ya plastiki, ziingie friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, zisubiri mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Yote ndani ya saa 48, maana baada ya hapo ukungu huanza. Friza mnayo, iko kantini, imejaa kuku.

Mtasema ngozi za ndege wenyewe, waliochunwa na kujazwa pamba, zipo kabatini, salama. Ngozi haina jicho, ina pamba. Midomo na miguu hubadilika rangi ikikauka. Mchoraji aliziwahi rangi hizo porini, ndege hajapoa, akaandika namba pembeni mwa karatasi. Namba hiyohiyo iko kwenye lebo iliyofungwa mguuni, na iko kwenye daftari pamoja na tarehe, mahali, mwinuko na jina la aliyempata ndege. Wino ukitawanyika kwenye daftari, mtabaki na ndege wasio na kwao.

Mwaka 1964 huko Mayau, kaskazini magharibi mwa Zambia, Jali Makawa alimpata ndege mdogo ambaye wataalamu wa ndege Benson na Irwin walimpa jina la kisayansi Pogoniulus makawai mwaka 1965. Hadi leo ngozi inayojulikana ni hiyo moja. Wanaobishana kama kweli ni spishi ya peke yake hawana pa kuanzia ila ngozi hiyo na maandishi yake. Akina Makawa wa daftari zenu ni nani? Orodha yenu inamtaja mchoraji tu.

Mliahidi orodha mpya. Mliahidi paa. Mliahidi kila ukurasa upigwe picha, na skana ikaja. Picha za uzinduzi wake tumeziona, za kurasa bado. Sisi wenye kazi na daftari hizo tunaambiwa mwenye ufunguo yuko semina.

Doa linaanzia pembeni mwa dari, kwa hiyo nadhani ni mfereji ulioziba majani, wala si bati. Hilo lisubiri fundi. Turubai halihitaji zabuni. Makasha yaondolewe chini ya doa, yainuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, leo. Leo, Ndugu Mkurugenzi, si baada ya kikao.

Wako,
Mtumiaji wa makusanyo