Barua kwa mwanangu juu ya Made in Japan

Lubumbashi, Kamalondo

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote wa Kolwezi. Sisi huku ni wazima, dada yako yuko kwenye mitihani na hataki mtu amsemeshe. Ujumbe wako niliusikiliza usiku umeme uliporudi. Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo. Eti Made in Japan, ile albamu ya konseti ya bendi ya roki Deep Purple, inachosha, eti nyimbo 7 tu katika muda unaozidi saa nzima, na zile za studio ni safi zaidi. Papa, hilo la usafi ndilo lililonikalisha mezani na kalamu. Kwa sauti ningefoka.

Nianze na pale uliposema kweli. Space Truckin' kwenye Machine Head, albamu yao ya studio, haifiki dakika 5. Kwenye Made in Japan inakaribia 20 na kumeza upande mzima wa nne wa santuri. Mimi ni shabiki tangu zamani za wajomba zako, walipokuwa wakinunua santuri kila mshahara wa mgodini ukitoka, lakini kila nikifika katikati, pale Jon Lord anapokingurumisha kinanda chake, huenda jikoni kusonga bukari. Nikirudi bado wanaendelea. The Mule nayo ni solo ya ngoma, na solo ya ngoma inataka macho. Ian Paice anapiga kwa mkono wa kushoto, mwepesi ajabu, lakini masikio peke yake hayawezi kukaa pale bila kuanza kuwaza mambo mengine.

Ila Child in Time usiiguse. Unalalamika juu ya dakika 12, wewe ambaye harusini unacheza seben hadi shati linashikana na mgongo, na hakuna aliyekuona ukitazama saa? Seben hurefuka kwa sababu wapigaji wameshika moto, na ukiikata njiani watu wanakuzomea. Hapo pia ni hivyo hivyo. Gillan, mwimbaji wao, anaanza polepole, sauti ya mtu aliyekaa karibu nawe, halafu zile yowe zinapanda moja juu ya nyingine mpaka unajiuliza atapumulia wapi. Kisha Blackmore anaingia na gita na mwendo unabadilika kabisa. Ile ya studio, ya 1970, ni nzuri, sikatai. Lakini studio ukikosa unarudia. Osaka, tarehe 16 Agosti 1972, yowe ikikatika imekatika, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Ndiyo hukumu yangu yote hiyo, mwanangu. Albamu ya konseti naipima kwa swali moja: je, usiku ule wangeweza kuanguka? Kama hawakuwa na njia ya kuanguka, basi sina haja nayo, nitasikiliza ya studio.

Na hawa walijiweka pabaya kwa hiari. Waliorekodi walikuwa na siku tatu tu: tarehe 15 na 16 Osaka, 17 ukumbi wa Budokan, Tokyo. Wajapani wa kampuni ya santuri ndio waliotaka albamu, bendi yenyewe haikuwa na hamu kubwa, ikakubali kwa sharti kwamba fundi wao Martin Birch ashike mashine. Hawakurudi studio kuongeza sauti wala kupaka rangi. Walichofanya ni kuchagua: nyimbo nyingi ni za tarehe 16, Smoke on the Water peke yake ni ya usiku wa kwanza, The Mule na Lazy ni za Tokyo. Unaweza kuniambia kuchagua nako ni ujanja. Sawa, lakini kilichochaguliwa kilipigwa. Na kama una shaka, mwaka 1993 walitoa Live in Japan, CD 3 zenye karibu konseti zote tatu, ukae ulinganishe usiku na usiku. Mimi nimelinganisha. Walichagua vizuri.

(Kinachodanganya ni picha ya jalada tu. Ilipigwa London, ukumbi wa Rainbow. Hata mimi nilikuwa nikiwatafuta Wajapani pale mbele kwa miaka.)

Linganisha na Live and Dangerous, albamu ya konseti ya bendi nyingine ya roki, Thin Lizzy, ya 1978. Tamu kweli kweli. Lakini mtayarishaji wao, Tony Visconti, alisema sehemu kubwa ilirudiwa studio, wenyewe wakabisha, na tangu nijue ubishi huo kila gita likitoka sawasawa kupita kiasi najikuta napeleleza badala ya kufurahi.

Sasa rudi kwenye Smoke on the Water na uvae zile spika za masikio. Kila mtoto aliyewahi kushika gita anaijua ile mwanzo. Blackmore anajua kwamba wanaijua, kwa hiyo anaichezea, haitoi moja kwa moja. Ukumbi unampigia makofi ya kufuatisha, ngoma inaingia, besi ya Glover inaingia, na hapo ndipo nyumba inasimama. Ulisema watu hawasikiki. Wanasikika, ila wakati wa sehemu za polepole wananyamaza wasikilize. Ndiyo adabu yao, na ndiyo sababu kinanda kinasikika hadi mkwaruzo wake, maana Lord alikuwa akikipitisha kwenye spika kubwa za gita. Baada ya wimbo huo wanaongea na fundi: wanaomba kila kitu kiwe na sauti kubwa kuliko kila kitu kingine. Hapo hucheka kila mara.

Halafu Strange Kind of Woman, ambayo hukuitaja kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Mwishoni Blackmore anatupa vinoti viwili vitatu, Gillan anavirudisha kwa koo. Gita linapanda, koo linapanda. Gita linageuka ghafla, koo linalifuata. Wanataniana kama mashemeji, hakuna anayejua mwenzake ataenda wapi. Utaiandika wapi hiyo studio?

Ninajua kwa nini unauliza habari za usafi. Umeniambia mmerekodi konseti ya kwaya na sasa wataka kuwaita waimbaji warudie mistari. Kelele za maikro ondoa, besi ikizama ipandishe, hiyo ni kazi yako. Lakini ule wimbo wa tatu, ambapo mwimbishaji aliongeza mzunguko bila kuwaambia na wewe ukamfuata na kinanda ukichelewa kidogo, uache. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Watu wote walisimama hapo hapo, na padri alisahau kukaa.

Nitumie kwa simu kabla hujaigusa. Na ukishasikiliza Strange Kind of Woman, nipigie Jumapili baada ya misa, ila usianze tena na Space Truckin', hiyo tumeshakubaliana.

Mama yako