Mbwa amekimbia jikoni? Angalia kwenye soketi kwanza

Mwezi uliopita mama mmoja wa Raskazone aliingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, na kifaa cheupe mkononi, vile vya kuchomeka kwenye soketi kufukuzia panya. Alikinunua kwetu. Akakiweka juu ya kaunta, akasema: "Fundi, panya wako palepale. Aliyehama ni mbwa."

Mbwa wake siku zote alilala karibu na mlango wa jikoni. Sasa analala nje chini ya mwarobaini, na akiitwa ndani anasimama kizingitini, masikio kayalaza nyuma, hapiti. Tulimrudishia mama hela yake. Na kwa kuwa hakuwa wa kwanza kuleta malalamiko ya namna hiyo, tumeona bora tuandike.

Sikio la mtu husikia sauti mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, yaani hezi 20,000, tena huyo awe kijana. Zile televisheni za kichogo zilikuwa na mlio mwembamba wa hezi 15,625. Watoto wakiusikia, babu hana habari. Mbwa yeye hufika hezi 45,000 hivi, na paka 64,000 hivi. Boksi la kile kifaa limeandikwa hezi 25,000 hadi 65,000. Kwa hiyo kwako jikoni kumetulia, kwa mbwa kuna king'ora kisichozimwa usiku kucha.

Hapo kwenye paka pana kichekesho. Mimi sifugi mbwa, kwetu ni paka, na paka wangu anausikia mlio ule vizuri kuliko mbwa yeyote. Yaani unalipa hela kumsumbua mkamata panya ili panya aondoke! Panya mwenyewe anaweza kushtuka siku za mwanzo, kisha huzoea. Na sauti ya aina hii haipiti ukutani. Hata kabati au pazia zito huikata, naye panya anakaa nyuma ya kabati. Mwaka 2001 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba wasitangaze vifaa hivi bila ushahidi wa kisayansi. Vya kufukuzia mbu ndiyo kabisa: uchambuzi wa mwaka 2007 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulipitia majaribio 10 ya nje ya maabara na haukuona kimoja kilichopunguza kuumwa. Tungejua haya mapema tusingeagiza katoni nzima. Zilizobaki hatuuzi tena.

Sasa chaja. Wateja wengi wakishasikia habari hii huchomoa kila kitu nyumbani, na hapo tunasema polepole. Chaja ya simu huchukua umeme wa ukutani wa hezi 50, ikaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma iwe ndogo ya kuingia kiganjani. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake, ikiwa haikushikwa vizuri kwa vanishi au gundi hutetemeka, na mtetemo huo ni sauti. Chaja nzuri hulia kidogo mno. Zile za bei ya karanga hazipakwi vanishi. Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba baadhi hulia zaidi zikiwa zimechomekwa bila simu, kwa sababu hapo hufanya kazi kwa vipande vipande na mlio ukashuka mpaka hata wewe ukausikia, "tiii", ukitega sikio. Adapta za ving'amuzi na baadhi ya taa za LED zina tabia hiyohiyo. Lakini mlio wa chaja ni mdogo, hufifia haraka hewani, na mbwa wengi hawaujali. Kifaa cha panya ni habari nyingine: hicho kimetengenezwa makusudi kipige kelele.

Stabilaiza inayonguruma "mmm" haimo kwenye hadithi hii. Huo ni mlio wa hezi 100, mnausikia nyote wawili.

Ukitaka kujua, chomoa kifaa kimoja tu, kiache siku mbili tatu, utazame mbwa anarudi sehemu yake au la. Kisha kichomeke tena. Akihama tena, umepata jibu. Usitegemee programu ya simu: maikrofoni za simu nyingi huishia karibu hezi 24,000, kwa hiyo kinachomsumbua mbwa hazikioni. Na redio ya AM ikikoroma karibu na chaja, hizo ni kelele za mawimbi ya redio, siyo sauti ya hewani, mbwa hazisikii.

Mbwa aliyefungwa mnyororo karibu na kifaa mwangalie kwa jicho la pekee, maana hana pa kukimbilia. Atahema bila joto, atalamba midomo, atatetemeka. Ila akitikisa kichwa mfululizo, akikuna sikio, au sikio likitoa harufu, hiyo siyo kazi ya fundi. Kupe na uchafu wa sikio ni vingi kwa unyevu wetu huu wa pwani, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Dukani tunapima bure. Tuna osiloskopu, yaani kifaa kinachoonyesha mitetemo ya umeme kwenye skrini, na kipokezi tulichokitoa kwenye sensa ya gari ya kurudi nyuma. Kipokezi hicho husikia vizuri karibu na hezi 40,000 tu, kwa hiyo kisiposoma kitu hatutakwambia kifaa chako hakina mlio, tutakwambia hakina mlio hapo. Chaja inayolia hatuitengenezi, tunakushauri ubadilishe. Usiifungue nyumbani: kapasita ya ndani, ile inayohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa, na imeshamrusha kijana wetu mmoja kutoka kwenye stuli.

Kwa panya, tunauza mitego ya waya. Ziba na tundu la bomba chini ya sinki. Kwa yule mama wa Raskazone ndiko walikokuwa wakipita.