Mwenye cheti yuko wapi?

Mhariri,

Habari yenu juu ya msako wa kemisti zisizo na leseni huku kwetu Pwani niliisoma, nikalikunja gazeti, kisha nikalikunjua nikaisoma tena. Gazeti hili nalisoma tangu nikiwa mwalimu kijana na sijapata kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini safari hii sinyamazi. Mwandishi wenu ametueleza maduka yaliyofungwa kwa kukosa karatasi, akaishia hapo, kana kwamba duka lenye karatasi ukutani halina neno. Duka lililokaribia kuniulia mama hapa Lamu lina karatasi zote.

Mamangu ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Daktari alimwandikia glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, asubuhi pamoja na chakula. Ndugu yangu wa kike ndiye aliyepeleka karatasi dukani. Kijana aliyekuwepo aliipokea kwa mkono mmoja, simu ikiwa mkono wa pili, akamimina vidonge juu ya kifuniko cha kopo, akavihesabu kwa kidole, akavitia kwenye kibahasha cha khaki na kuandika kwa kalamu: "1x3". Basi. Jina la dawa hakuna, jina la mgonjwa hakuna, tarehe hakuna, wala jina la duka. Mama akapewa kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kama kibahasha kilivyosema. Haukupita muda, alasiri moja akaanza kutokwa na jasho jembamba, mikono inatetemeka, ulimi mzito, akawa anamwita marehemu baba aje afunge dirisha. Vichochoro vyetu havipiti gari, tukamlaza kwenye mkokoteni mpaka hospitali. Sukari ilikuwa imeshuka hadi 2.1. Wakamtia glukosi kwenye mshipa, na hata alipofumbua macho wakakataa kumruhusu usiku ule, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

Nilikwenda dukani na kile kibahasha mkononi, nikamtaka mfamasia. Kijana akanionyesha cheti ndani ya fremu, juu ya kabati la maziwa ya watoto. Nikamwambia simtaki wa kwenye kioo, namtaka mwenyewe. "Yuko Mombasa, mzee. Huja mwisho wa mwezi." Na wewe umesomea dawa? Hakusomea. Ni mpwa wa mwenye duka, amemaliza kidato cha nne.

Mhariri, Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka 1957, hata uhuru hatujaupata. Haikuandikwa ili watu wakodishe vyeti vyao kama wanavyokodisha nyumba. Sheria hiyo inataka biashara ya dawa iwe chini ya mtu aliyesajiliwa, na cheti chake kitundikwe mahali pa wazi ili mimi mnunuzi nijue ni nani anayebeba dhamana. Dhamana ni kazi! Dawa zilizo katika orodha ya sumu, yaani zile ambazo sheria imeziwekea masharti ya kuuzwa, zitolewe na yeye au mbele ya macho yake, na ziandikwe kitabuni: zimetoka lini, kiasi gani, kwa nani, kwa amri ya daktari gani. Karatasi ya daktari aisome yeye, na akitia shaka ampigie daktari kabla dawa haijavuka kaunta. Kibahasha kiwe na jina la mgonjwa na maelezo yanayosomeka. Zilizopitwa na muda aziondoe rafuni. Amwambie mgonjwa kwa kinywa chake jinsi ya kumeza, nini cha kuogopa, na afanye nini akiona kizunguzungu. Tena mfungo wa Ramadhani ukiingia, wagonjwa wa sukari hulazimika kupangiwa dawa upya baina ya futari na daku. Hilo nalo mgonjwa atamuuliza nani, yule mpwa? Anayechukua pesa kila mwezi kwa kutundikisha jina lake katika duka asilolikanyaga anakula fedha ya mgonjwa, na mwenye duka anayemlipa ni mshirika wake. Nasema hivyo bila kuwaomba radhi.

Na kwa kuwa kalamu iko mkononi: nani anayeangalia dawa zikiwa njiani? Nimeona kwa macho yangu makatoni yakiteremshwa kwenye basi pale Mokowe na kuachwa gatini juani pamoja na magunia ya viazi, yakingoja mashua. Pembeni mwa katoni imeandikwa zisizidi nyuzi 30. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8, na stima ya hapa sote twaijua. Kuipokea, kuipima joto na kuikataa iliyoharibika ni kazi ya mfamasia huyo huyo aliyeko Mombasa.

Bodi ya Dawa na Sumu nayo isijifiche nyuma ya msako. Usajili wa duka unakwisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hiyo nafasi ya kusema hapana inarudi kila mwaka. Napendekeza hivi. Kila kemisti iweke mlangoni picha ya uso wa mfamasia wake, kubwa kama sinia, na chini yake kibao cha YUPO au HAYUPO. Akiwa hayupo, kabati la dawa za karatasi ya daktari lifungwe na ufunguo uwe naye. Kijana auze sabuni na pamba. Mkaguzi akija asisome ukuta. Aonyeshe picha, aseme "mwiteni huyu", kisha akae kwenye baraza angoje nusu saa, muda unaomtosha mtu kuja kwa miguu kutoka mtaa wowote wa mji huu. Asipotokea, mlango ufungwe siku hiyo hiyo, na jina litakalopelekwa mahakamani liwe lile lililomo kwenye fremu, si la yule kijana.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu